Kifaru Kisicho na Mtu Ndani

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wake na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Swali limeletwa mbele ya darasa yetu, nalo limeletwa na pande mbili zisizopatana. Wazee wa mtaa wasema: vijana wetu wa Majengo, Shauri Moyo, Kaloleni, Buruburu na Umoja wamezama katika mchezo wa vifaru vya vita, unaochezwa kwa mashine iliyofungwa kwenye televisheni, basi na itolewe hukumu kuwa ni haramu, mashine zitupwe na vibanda vya mchezo vifungwe. Vijana nao wasema: mchezo huu ni mwanga tu juu ya kioo, hapana aliyeuawa, hapana aliyejeruhiwa, hapana nyumba iliyoanguka, basi dhambi iko wapi? Kila upande wataka jawabu ya neno moja. Sisi twaona kuwa swali hili halijibiki kwa neno moja, na kwamba mwenye kulijibu hivyo, akasema "haramu" au akasema "si kitu", ameliruka lile khasa lililotakiwa kutazamwa.

Wanachuoni wetu wamefundisha kuwa hukumu ya jambo hufuata kulifahamu jambo lenyewe. Basi kwanza natuujue mchezo huu ni nini.

Mchezo wa vifaru si mgeni katika mitaa ya Eastlands. Mwaka 1985 kampuni ya Kijapani iitwayo Namco ilitoa mchezo ulioitwa Battle City kwa ajili ya mashine ya nyumbani ya Nintendo, na nakala zake zikaenea ulimwenguni katika kaseti za bei nafuu, hata wengi katika baba za vijana wa leo waujua. Mchezaji hupewa kifaru kidogo alinde boma lenye alama ya tai. Adui huja na vifaru ishirini katika kila hatua, na hatua ni 35. Zikiisha, huanza tena. Ukuta wa matofali huvunjika ukipigwa, na wa chuma hauvunjiki mpaka mchezaji aongezewe nguvu. Wawili waweza kucheza pamoja, na mmoja akimpiga mwenziwe, kifaru cha mwenziwe husimama kwa muda kisiweze kwenda. Na mwenye kupiga bila kutazama aweza kulipiga boma lake mwenyewe, akashindwa kwa mkono wake.

Huo ni wa zamani. Wa leo una sura nyingine. Mchezo uitwao World of Tanks ulianza kwenye kompyuta mwaka 2010, nao ukafika kwenye mashine ya PlayStation 4 mwaka 2016. Waliouanzisha walikuwa watu wa mji wa Minsk, katika nchi ya Belarus. Humo mchezaji haoni kijisanduku kikitambaa katika kioo, bali aona kifaru kamili: T-34 cha Warusi, Tiger cha Wajarumani, Sherman cha Wamarekani, kila kimoja na umbo lake na mlio wake. Huelezwa unene wa chuma chake cha mbele na cha ubavuni, uzito wake, mwendo wake, na muda wa kupakia mzinga. Watu 15 hupambana na watu 15, kila mmoja ameketi kwake, pengine katika nchi yake, na pigano halizidi robo saa. Katika vibanda vya mitaa yetu, ambako kijana hulipa shilingi chache kwa kila mchezo, mpira ndio upendwao zaidi. Lakini mwenye mashine nyumbani, au rafiki mwenye mashine, huyo huvifikia vifaru, na aliyevifikia hukaa navyo usiku kucha.

Sasa natuanze na haki ya vijana, kwani mwenye haki hupewa haki yake hata kama yuko katika makosa mengine. Kucheza si uovu. Katika khabari zilizo mashuhuri ni kuwa Wahabeshi walicheza kwa mikuki yao ndani ya msikiti wa Madina siku ya Idi, na Mtume, rehema na amani zimfikie, hakuwazuia; bali alimsitiri Bibi Aisha akawatazama mpaka akatosheka. Mchezo ule ulikuwa mchezo wa silaha. Naye Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alipoandika juu ya malezi alisema kuwa mtoto akitoka chuoni aachiwe acheze mchezo mzuri apumzike, kwani kumzuilia mchezo na kumshikilia masomo daima huufisha moyo wake. Nani katika sisi, anayeishi katika nyumba ya chumba kimoja, na uwanja wa mtaa umeshajengwa maduka, atamwambia kijana wake akacheze wapi?

Tena mchezo wa vita ni wa kale. Sataranji ni vita: mna farasi, mna tembo katika ule wa asili, mna askari wa miguu na mfalme atafutwaye. Wanachuoni wamekhitalifiana juu yake, wengine wakiuharimisha, na Imamu Shafii akiuona kuwa ni makuruhu tu maadamu hauna kamari wala haumpotezei mtu sala. Hata bao, ambalo wazee wetu wa Majengo hulicheza bila mtu kuwalaumu, ni mchezo wa kuteka na kutekwa. Basi mzee anayetoka barazani penye bao akaenda kumvunjia kijana mashine yake kwa sababu ni mchezo wa vita, ajiulize kwanza mkono wake umetoka kufanya nini.

Yako mambo mawili yasiyo na ubishi, nasi twayataja na kuyapita. La kwanza, mchezo ukipoteza sala, masomo au kazi, umeharibika kwa hilo, kama ungaliharibika mchezo wowote. La pili ni ile desturi ya vibandani ya kuwa anayeshindwa ndiye anayewalipia wote wawili, au wawili huweka fedha na mshindi akachukua. Hiyo ni kamari, na jina la mchezo haliigeuzi. Kila mmoja alipe sehemu yake, kwa ushinde na kwa ushindi, na jambo hilo limekwisha.

Baada ya kuyaweka hayo mahala pake, latubakia swali lenyewe: je, ni kweli kuwa mchezo huu ni mwanga tu juu ya kioo, wala haumfanyi mtu kitu?

Huyo huyo Imamu Ghazali aliyemruhusu mtoto kucheza ameeleza pia jinsi tabia inavyopatikana. Mtu anayetaka kuwa mwenye hati nzuri, asema, hufanya kwa mkono wake, kwa kujikalifisha, kazi ya mwenye hati nzuri, siku baada ya siku, mpaka lile lililokuwa la kujikalifisha likawa ni tabia yake. Kitendo cha kiungo hupanda moyoni, na moyo nao hurudi ukakiamrisha kiungo. Ikiwa ni hivyo, haimkini tuseme kuwa saa nne kila usiku za kutenda jambo moja hazipandi kitu chochote moyoni.

Wenye majeshi walilijua hilo mapema. Mwaka 1980 kampuni ya Kimarekani ya Atari ilitoa mchezo wa vifaru ulioitwa Battlezone, uliochezwa kwa kutia sarafu. Haukupita muda jeshi la Marekani likataka mchezo huo ugeuzwe uwe chombo cha kuwafundishia askari wake wapiga mizinga. Ed Rotberg, aliyeubuni, hakuridhika. Aliifanya kazi hiyo kwa shingo upande, kwa sharti kuwa hatatakiwa tena kufanya kazi ya jeshi, na kazi yenyewe haikuendelea zaidi ya mashine za majaribio. Na mwaka 2002 jeshi hilo hilo lilitoa mchezo wake lenyewe, America's Army, likaugawa bure ili uwavute vijana kujiandikisha. Watu wenye vita vyao hawatoi fedha zao kwa kitu kisichofanya kazi. Basi kijana asituambie kuwa ni mwanga mtupu.

Lakini tusivuke mpaka upande wa pili pia. Vijana maelfu kwa maelfu wamecheza mchezo wa vifaru kwa miaka arobaini, nao wameoa, wamefungua maduka, wameendesha matatu, wameswali jamaa pamoja nasi, wala hawakumdhuru mtu. Mwenye kusema kuwa mchezo huu humfanya mtu muuaji asema asiloweza kulithibitisha, na ushahidi wa mitaa yetu u kinyume chake. Basi ikiwa haumfundishi mkono kuua, na ikiwa si bure, waufundisha nini? Jawabu yetu ni kuwa wamfundisha mchezaji namna ya kutazama.

Tazama neno lenyewe. Kifaru cha kwanza kuingia vitani kiliingia tarehe 15 Septemba 1916, karibu na kijiji cha Flers, upande wa mto Somme, Ufaransa. Waingereza walikitengeneza kwa siri, na ili siri isifichuke wakakipa jina la tangi la maji. Jina hilo la kufichia ndilo lililobaki katika lugha yao mpaka hivi leo. Waswahili hawakulichukua jina la kufichia. Walikiangalia kitu chenyewe, ngozi yake nene na mwendo wake wa kukanyaga vilivyo mbele yake, wakakiita kifaru. Lakini kifaru cha mwituni kina roho moja. Kile cha Flers kilikuwa na roho nane: watu wanane walifungiwa ndani pamoja na injini yake, katika joto na moshi na kelele, na kikishika moto, mlango wa kutokea ni mdogo.

Na sasa kiangalie kifaru cha mchezo. Katika World of Tanks watu wa ndani ya kifaru huonyeshwa kwa alama ndogo: kamanda, dereva, mpiga mzinga, mpakiaji. Mmoja akiumia, mchezaji hubonyeza kitufe cha dawa, akapona hapo hapo. Kifaru kikiteketea chote, hapana aliyekufa. Watu wale wale hutokea tena katika pigano la pili, nao wameongezewe ujuzi. Miji inayopiganiwa ina nyumba, ina maghala na minara ya makanisa, lakini haina wakaaji. Ukuta huanguka, wala hatoki mtu mbio, na dirishani hapachunguliwi. La ajabu zaidi ni kuwa pigano likisha, huletwa hisabu. Mchezaji huonyeshwa gharama ya kukitengeneza kifaru chake na gharama ya kila risasi aliyoitumia, senti kwa senti ya fedha ya mchezo. Chuma kina hisabu, baruti ina hisabu. Mwanadamu peke yake ndiye asiyeandikwa katika daftari.

Atasema msemaji: hata bao halina maiti, na sataranji haina wajane, mbona hamkuyalaumu hayo? Kauli hii ni nzuri, nayo yastahiki jawabu. Kete ya bao haidai kuwa ni mtu. Ni kete, na kila achezaye ajua kuwa ni kete. Tena tazama hekima ya mchezo ule: kete 64 huanza mchezo, na kete 64 huumaliza, iliyotekwa haitupwi, hupandwa upande wa pili ikaendelea kucheza. Wala sataranji haikuambii kuwa mraba huu ni mji fulani na askari huyu ni wa nchi fulani. Lakini mchezo huu wa leo unadai ukweli, na kwa ukweli huo ndio unaouzwa. Wasema: hiki ndicho chuma chenyewe, na huu ndio unene wake khasa, huu ndio mlio wake, na mji huu ndio walikopigana. Wasema kweli katika kila bolti, kisha wanyamaza ufikapo kwa watu. Na sote twajua hali ya shahidi mwenye kusimama mbele ya kadhi akasema nusu ya aliyoyaona kwa usahihi mkubwa, akaificha nusu ya pili. Usahihi wa ile nusu ya kwanza hautuongezei uaminifu wake. Huifanya khatari yake kuwa kubwa zaidi, kwa sababu msikizaji humwamini.

Sisi watu wa Eastlands tuna sababu zaidi ya wengine ya kuijua ile nusu iliyofichwa, kwani majina yake tunayakanyaga kila siku. Mwezi ule ule wa Septemba 1916, vifaru vilipotoka mara ya kwanza huko Ufaransa, Waingereza waliingia Dar es Salaam, tarehe 4. Vita vya huku havikuwa na vifaru. Mizigo yake ilichukuliwa juu ya vichwa vya watu. Wachukuzi hao wa kikosi kilichoitwa Carrier Corps walikusanywa kwa maelfu, wengi wao kwa nguvu, na kwa hisabu ya serikali yenyewe waliokufa walizidi 40,000, zaidi yao kwa maradhi na njaa wala si kwa risasi. Jina la kikosi hicho ndilo lililogeuka katika ndimi zetu likawa Kariokor, sokoni pale tunaponunua viatu na vikapu, kama lilivyogeuka Kariakoo kwa wenzetu wa Dar es Salaam. Mchezo gani wa vita umemweka mchukuzi? Na soko la Burma, karibu na Shauri Moyo, jina lake ni la nchi ya mbali ambako askari wa KAR kutoka Kenya, Uganda na Tanganyika walipigana mwaka 1944 katika matope na mvua, kwa ajili ya ugomvi usiokuwa wao.

Wala si mambo ya mababu peke yake. Majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera Oktoba 1978, watu waliuawa na wengine wakakimbia majumba yao. Na majeshi ya Tanzania yalipojibu, mji wa Masaka nao ulibomolewa. Huko Lukaya, Machi 1979, Walibya waliokuja na vifaru kumsaidia Amin waliacha maiti zao njiani, katika nchi ambayo wengi wao hawakuwa wakiijua. Na serikali ya Siad Barre ilipoanguka Mogadishu Januari 1991, walioukimbia moto ule walifika mpaka Eastleigh, na leo ni majirani zetu, na wakwe zetu, na wenzetu katika safu za sala. Yumkini kijana apigaye mzinga katika kioo usiku, ukuta mmoja tu humtenga na bibi aliyeiona nyumba yake ikianguka kwa mzinga wa kweli. Naye hajapata kumwuliza.

Tena kusahau huku si kwa vijana peke yao. Tarehe 25 Septemba 2008 maharamia wa Kisomali waliiteka meli ya Faina iliyokuwa ikija Mombasa na vifaru 33 vya T-72 ndani yake. Dunia nzima ikapata khabari. Magazeti yalivihesabu vifaru, yalihesabu siku, yalihesabu fidia iliyotolewa, dola milioni tatu na laki mbili, mpaka meli ilipofunguliwa na kutia nanga Mombasa Februari 2009. Serikali ya Kenya ikasema kuwa ni mali yake. Karatasi za meli na khabari zilizofuata zilielekea Sudan ya Kusini. Watu walibishana sana juu ya mwenye vifaru. Ni wachache waliouliza ni nani watakaosimama mbele ya mizinga hiyo siku itakapopakiwa. Na Desemba 2013 Sudan Kusini iliingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, na watu wake wakamiminika Kakuma na kambi nyinginezo. Kwa hivyo ile hisabu ya mchezo, inayoandika chuma na kumwacha mtu, sisi wazima pia tunaijua kuifanya, tena pasipo mashine.

Sasa twafika palipo na uzito, nasi hatutapenda kuzungukazunguka. Katika miaka iliyofuata 2008, baadhi ya vijana wa Majengo, Eastleigh na mitaa jirani walishawishiwa na Al-Shabaab, wakavuka mpaka wakaingia Somalia. Wengine walirudi wakiwa si wale waliokwenda, na wengine hawakurudi kabisa. Oktoba 2011 jeshi la Kenya nalo liliingia Somalia, na alfajiri ya tarehe 15 Januari 2016 kambi yake ya El Adde ilishambuliwa, wakauawa askari wengi waliokuwa na wazazi na wake na watoto kama sisi. Katika ujirani mmoja imewezekana nyumba moja ilie kwa mwana wake askari, na nyumba nyingine ilie kwa mwana aliyepotea upande wa pili, na kila moja ikaona haya kuipa mwenziwe pole.

Hatusemi kuwa vijana wale walitolewa na mchezo. Hayo hatuyajui wala hatuyadai; na umasikini, na dhulma za askari katika misako, na maneno ya uongo yaliyopambwa kwa dini, yalifanya kazi kubwa zaidi. Twasemalo ni hili: aliyewashawishi aliwajia na vita vya namna ile ile. Aliwaonyesha picha za bunduki na bendera na ushindi. Hakuwaonyesha mama wa Mogadishu aliyepasuliwa na bomu sokoni akinunua mboga, naye ni Mwislamu mwenzao. Hakuwaambia kuwa aliye ndani ya gari la adui ana binti anayemngoja. Aliwapa chuma, akawafichia watu. Na kijana ambaye jicho lake limezoea kuona nyumba bila kumwona mkaaji wake, kijana ambaye hakuna aliyepata kumfundisha kuuliza "Humu mna nani?", huyo hakuwa na silaha ya kumrudishia mshawishi maneno yake. Swali hilo moja, lau angalikuwa nalo, lingalimtosha.

Kwa hivyo hukumu yetu katika jambo hili ni kama ifuatavyo. Mchezo wenyewe, ukiepukana na kamari na usipopoteza faradhi wala wajibu, hatuuharimishi, na hatuoni kuwa mtu ana ruhusa ya kuvunja mashine ya mwenziwe. Lakini yule aliyesema kuwa si kitu, twamrudishia kauli yake. Ni nusu ya ushahidi, na mwenye kumwachia mwanawe nusu ya ushahidi wajibu wake ni kumpa nusu iliyobakia. Asipoitoa yeye, ataitoa mwingine kwa namna atakayo.

Enyi wazazi, kumpokonya kijana kishikio cha mchezo mkononi ni jambo jepesi, na halina faida ila ya kumfanya acheze kwa jirani. Ketini naye. Mwulizeni kifaru hiki kilipigana wapi, na katika mji ule walikaa watu gani, na walikwenda wapi mizinga ilipoanza. Hajui? Basi naatafute, na atakayoyapata huenda yakamshughulisha kuliko mchezo wenyewe. Na mkiwa wenyewe mmeona vita, katika Kagera au Kismayu au Bukavu, msiyafiche kwa kudhani kuwa mnamhurumia. Mtoto aliyefichwa maumivu ya wazee wake huyanunua maumivu hayo mapya kwa wengine.

Enyi wenye vibanda, riziki yenu ni halali mkiilinda. Msiruhusu fedha kuwekwa juu ya mchezo, wala msimpokee mtoto saa za masomo, na usiku mwambieni aende kwao.

Nanyi vijana wetu, hatukuwaita wauaji, wala hatutawaita. Twawaombeni jambo moja tu, nalo halitawapunguzia starehe ila kidogo. Kila mpigapo ukuta ukaanguka, jiulizeni ni nani angalikuwa nyuma yake. Mkiona kuwa swali hilo lauharibu mchezo, jueni kuwa mchezo ulikuwa umesimama juu ya kutoulizwa kwake. Na mkiona kuwa mwaweza kucheza na swali lingali hai moyoni, basi chezeni, na hapana atakayewashika.

Darasa yetu imeazimia kuwa katika wiki zijazo, baada ya sala ya Magharibi, kila kijana alete khabari moja ya vita aliyoisikia kwa mzee wa nyumbani kwake au wa jirani yake, aisome mbele ya wenziwe. Iwe fupi, na iwe na watu ndani yake: walikuwa nani, walikula nini, walimpoteza nani, walifikaje Nairobi. Mwenye mashine asiiache kuja kwa kuona haya. Nafasi yake ipo, na huenda khabari yake ikawa ndiyo itakayosikizwa zaidi.

Na Mwenyezi Mungu ndiye mjuzi zaidi. Twamwomba atulindie vijana wetu na vijana wa majirani zetu, na awape amani waliomo vitani hivi sasa, wale walio ndani ya vifaru na wale walio mbele yavyo.